Meza ya Mama Kwenye Njia ya Ufukweni

Jumatatu, 6 Mei 2024

Tanuri jipya limewaka. Mikate ya rai, ile myeusi ya nafaka, imetoka imeiva juu mpaka chini — nilishasahau mkate unaweza kuiva hivyo. Pesa si za benki, benki ya Lemvig waliniangalia kama kichaa. Ni za ile kampuni ya Kopenhagen. Wamenipa krona laki tatu, wanakata asilimia tisa ya kila ninachouza mpaka zitimie laki tatu na elfu arobaini. Siku mbaya wanakata kidogo, siku nzuri zaidi. Malthe, kijana wao wa kwenye simu, anasema: “Ukila tunakula, dada. Ukilala njaa tunalala wote.” Sharti moja tu: kila mauzo yapite kwenye mashine yao ya kadi. Yakipita pembeni, wanadai deni lote kwa mpigo.

Na dhamana ni nyumba ya Mama. Naandika hapa kwa sababu sijamwambia mtu. Nilimwambia anaweka saini ya shahidi tu. Hakuwa na miwani. Aliuliza, “Wapi?” nikamwekea kidole.

Jumatano, 15 Mei

Jumatano ni siku ya mikate ya mdalasini kwa bei ya chini. Miaka yote foleni inafika barabarani. Leo watu sita. Sielewi! Wajerumani wamejaa nyumba za likizo, sasa wanakula wapi?

Mama kaja saa kumi na mbili kama kawaida, tumekanda pamoja, kaondoka na trei zake tatu za klabu ya wazee. Nikamtania kwamba hao wazee wake wana meno. Akasema, “Wewe oka tu.”

Ijumaa, 24 Mei

Mauzo chini tena.

Alhamisi, 30 Mei

Malthe kapiga. Sauti yake ya upole ndiyo inayonitisha. Wanaiona akaunti yangu yote, na kinachotoka pia. Unga nanunua zaidi ya mwezi uliopita, siagi vilevile, ila mauzo yanashuka. “Mkate unaenda wapi, dada?” Nikasema unaungua, tanuri bado sijalizoea. Uongo umenitoka haraka mno, nadhani kausikia. Akasema huenda mtu wao akapita siku moja kutusalimia.

Jumapili, 2 Juni

Nimejua mkate unaenda wapi.

Nilikwenda kwa Mama kwa baiskeli. Kwenye kona yake, njia ya ufukweni, magari manane, yote namba za Kijerumani. Ile meza anayouzia viazi vipya kila mwaka, kopo la biskuti, kikaratasi: krona ishirini, weka mwenyewe. Na juu ya meza mikate yangu ya mdalasini. Nikakaa kwenye nyasi.

Mama kanivuta ndani, kafungua kabati la mashuka. Makopo saba. “Zako hizo. Elfu ishirini na nne. Nilitaka kukushtukiza. Umesema wale watu wako wanakata kila krona inayopita dukani, basi hizi hazipiti.” Anafurahi kama mtoto. Nilicheka, la sivyo ningelia mbele yake.

Nikamwambia aache. Akataka kujua kwa nini. Hapo ndipo nilipokwama, maana jibu ni paa lililo juu ya kichwa chake. Nikasingizia sheria za usafi. “Nauza barabarani tangu hujazaliwa,” akasema, “usije kunifundisha usafi.”

Naogopa. Naogopa Malthe, lakini zaidi namwogopa Mama siku atakapojua.

Jumanne, 4 Juni

Barua ya kuungama kwa Malthe nimeiandika mara nne, nimeifuta mara nne. Kila nikifika neno “kopo” mkono unagoma. Leo nilimnyima Mama trei. Kanitazama sana, kisha kachukua mbili mwenyewe akaondoka. Ningefanya nini, nimpore?

Ijumaa, 7 Juni

Saa nne asubuhi. Kaingia kijana wa viatu vya mjini. Kanunua mkate wa rai mmoja, kalipa kwa kadi, akabaki anaitazama mashine mpaka ilipolia. Akauliza njia ya ufukweni. Nikamwonyesha, kwa mkono wangu mwenyewe. Alipofika mlangoni akageuka: “Malthe anakusalimu.”

Nampigia Mama, hapokei. Yuko mezani kwake, simu ameiacha ndani.

Saa tano kasoro. Mama kapiga yeye. Ana mgeni, kijana mpole ajabu, kala mikate miwili na kutia krona arobaini kwenye kopo. Mama kampa kahawa. Kamwonyesha na kabati, maana aliuliza kwa adabu. Nikasema, Mama, tafadhali usimwambie kitu. Akasema, “Nimeshamwambia yote, mwanangu. Kwani kuna siri gani?”

Kisha sauti yake ikashuka. Kijana kamwekea karatasi mezani, ina saini ya Mama mwenyewe. Anamwuliza kama aliisoma kabla ya kuiweka.

“Njoo unisomee, Vibeke. Mimi sioni, na huyu hataki kunisomea. Anasema ni bora nisikie kutoka kwako.”

Miwani yake iko hapa, kwenye meza ya unga. Aliisahau asubuhi. Nimeifuta kwa aproni, nimeitia mfukoni, nimeitoa tena. Wateja wawili wanasubiri na mmoja ameuliza kama tumefunga.