Miwani ya Kusomea Meseji

Jumatatu, 8 Septemba 2025
Leo nimeshona mkono wa gauni la mteja kwenye shingo. Shingo! Na uzi — robo saa nautunga hewani. Agatha, anayeuza chapati jirani, akaja kunitungia. Kacheka mpaka kakaa chini. Eti ukivuka arobaini macho ya karibu huchoka. Nina arobaini na nane. Nimemwambia sindano za siku hizi zina matundu madogo.

Jumanne, 9 Septemba
Meseji! Kutoka kwa Nuruddin wa mashine ya mpunga. Mgane, mpole, miezi sita ananunua kwangu vitambaa ambavyo sijui anavipeleka wapi. Nikanyoosha mkono mpaka simu ikakaribia mji wa Isaka. Nikasoma: "Jumamosi nakuja kukuoa, Mama Samia." Ya Rabi! Moja kwa moja hivyo? Nimejibu kabla haya haijanishika: Karibu, njoo na wazee. Kisha nikampigia kaka yangu Akida, aje kutoka Tinde.

Jumatano, 10 Septemba
Nimemwonyesha Agatha. Kasoma, kaweka kidole kwenye kioo. "Mama Samia, mbona hapa pana n?"
Kukuona. Alitaka kuja kuniona tu!
Sikula mchana.

Alhamisi, 11 Septemba
Gulioni hapa Kagongwa, kutafuta miwani. Nimeanza na nyekundu, namba plasi tatu na nusu. "Mayu, mama yangu, umependeza!" kasema muuzaji. Nikapiga hatua — ardhi ikapanda! Nikaruka mtaro ambao haupo. Kagongwa nzima imeona.
Agatha kanikokota hadi Kahama kwa mtaalamu wa macho. Huyo kapima jicho moja moja. Kasema macho ni mazima, ni umri tu. Kanipa gazeti nilishike pale ninaposhikia sindano, akawa anabadilisha vioo. Eti nichukue namba ndogo inayonitosha, kali si bora. Na nisitembee nayo! Moja na nusu, herufi zikatulia kama watoto wa madrasa. Ila fremu ya kahawia — sura ya mwalimu mkuu. Nikauliza kama ipo nyekundu.
"Mama, unatafuta macho au mchumba?"
"Vyote," kajibu Agatha. Mshenzi yule!
Nyekundu ilikuwepo.

Ijumaa, 12 Septemba
Uzi umeingia mara ya kwanza. Nimepiga kigelegele peke yangu.
Nimeandika meseji: Samahani, nilisoma vibaya. Nikafuta. Nikaandika tena. Nikafuta. Ningeituma, wallahi, lakini yake ikatangulia: "Wazee wanauliza tufike saa ngapi." Nimeisoma kwa miwani, herufi moja moja, mara tatu.
Saa tisa, nimemjibu.

Jumamosi, 13 Septemba
Wamefika! Nuruddin na wajomba wawili, kanzu zimenyooka. Naandika nikiwa chumbani, Agatha kazuia mlango.
Nilimvuta Nuruddin pembeni ya jiko, nikaungama yote. Kajikuna kidevu. Eti alitaka kuandika kuoa tangu Ramadhani, akaogopa. Jibu langu lilipofika, akakimbia kwa wajomba kabla sijabadili nia.
Sasa barua ya posa imetolewa. Kaka Akida kaipokea kwa heshima, kaifungua, kaisogeza, kaipeleka mbali. Miwani yake imebaki Tinde! Wajomba nao, mmoja hana, mwingine ana mtoto wa jicho. Nuruddin kasema haisomi barua yake mwenyewe, aibu.
Barua imepita chini ya mlango. Sauti ya Akida: "Dada, toka utusomee."
Nisome posa yangu mwenyewe! Agatha kashanivalisha miwani, inakaa upande. Wananisubiri. Na nikifika pale wanapouliza kama nimekubali — nijibu hapo hapo, au nisubiri Akida aniulize?