Sauti ya Anold

Jumatatu, 9 Juni 2025
Wamejibu! Kampuni ya gemu ya mabasi wanaitaka ramani yetu, tuliyoichorea gemu yao sisi mashabiki — barabara ya Same mpaka Suji, kona zote! Nimepiga kelele hapa stationari mpaka mteja kaangusha vyeti vyake.
Ila mwanasheria wao anataka saini ya kila aliyeshiriki. Bila hiyo hawagusi kazi ya mashabiki, wanaogopa kesi. Mwisho Ijumaa saa sita mchana.
Na sisi tuliifanya kwa msaragambo, wote kwa pamoja bila malipo, kama tunavyozibua mfereji kule mlimani. Nani anaandikaga majina kwenye msaragambo?

Jumanne, 10 Juni
Clemence kasaini, nyumba za kwenye ramani ni zake. Yudith kasaini, migomba yake. Kumi na mmoja tayari.
Bado Anold. Sauti ya konda ni yake: "Suji hiyo! Mama, sogeza ndizi!" Anold tulimzika Novemba.

Jumatano, 11 Juni
Kampuni: asaini msimamizi wa mirathi, au sauti itolewe. Wamenipa na pole.
Nimekimbilia mahakamani. Karani kauliza marehemu kaacha nini. Nikasema sauti. Kanitazama weee! Kikao cha ukoo kwanza, muhtasari, halafu tangazo, halafu kusubiri. Miezi! Mimi nina siku mbili! Nimelia chooni.

Alhamisi, 12 Juni
Nimepanda Suji kwa mama yake, Mama Jenoveva. Akasema niandike tu jina la mwanawe, nani atajua? Nikakataa. Basi ukoo utakaa, akasema, nisiwe na wasiwasi. Alifurahi mno. Nikashindwa kumwambia mwisho ni kesho. Mwoga mimi!

Ijumaa, 13 Juni
Saa tano na nusu nimeifuta sauti. Basi linaingia Suji kimya kabisa. Nimetuma. Nisamehe, Anold.

Saa nane — Mama Jenoveva yuko hapa! Kaja na muhtasari wa ukoo. Walikaa jana ile ile, alama tisa za dole gumba kwa wino wa buluu. Nikamwamkia. Kavuta stuli, anaomba amsikie mwanawe.
Naandika nimeinama chini ya kaunta, najifanya natafuta waya wa spika. Flashi yenye ramani ya zamani, ile yenye sauti ya Anold, ninayo mkononi. Nimwekee hiyo?
Kauliza tena: hii ndiyo watakayoisikia watu wote huko duniani, eeh Irine?