Niliyosema Katika Redio Tukimngoja Leoni

Bukavu, kambi ya wafanyakazi, Kadutu

Kwako Mama Sifa, mke wangu,

Kabla ya salamu, pokea neno hili: ndugu yako Leoni yuko hai. Anakula, anacheka, anawasumbua wagonjwa wenzake. Nimeliweka mbele kwa sababu najua habari za gari lililoanguka zimekwisha kufika kwenu kwa midomo ya madereva, na madereva wakisimulia ajali huongeza maiti. Mwalimu anayekusomea alirudie hilo kabla hajaendelea.

Sasa nakusalimu. Umeamkaje? Kikohozi cha Sifa kimepona? Magoti ya mama mkwe yanamwachia usingizi? Mimi ni mzima, mgongo tu. Mvua ya huku haituachi, na nguo tunazozianika asubuhi tunazivaa jioni zikiwa bado na maji.

Barua yako niliipata. Unauliza mambo mawili. La kwanza, kontra yangu ya kazi inaisha, je, nitatia sahihi tena au nitarudi Shabunda? La pili, Leoni, kwa nini nisimrudishe kwenu kabla milima haijammeza? Nitajibu yote mawili. Lakini jibu lenyewe lilipita katika redio kabla ya kufika kwenye karatasi hii, kwa hiyo lazima nikueleze redio.

Unajua kazi yetu ni kwenda mahali ambapo barabara haijafika. Bwana mhandisi anatafuta pa kupitisha njia mpya. Sisi tunamwita Bwana Matope, maana hatujawahi kuona viatu vyake vina rangi gani. Tuna magari matatu ya jipi na kamio moja, lori la kubebea vyakula na mahema. Leoni anaendesha jipi la mbele, Bwana analo la kati, na mimi niko katika la mwisho. Kazi yangu ni kuweka mbao chini ya magurudumu na kusukuma. Kamio iko mikononi mwa Papa Barnaba, mtu wa kabila la Washi, upande wa Kabare, mtu mzima mwenye ng'ombe zake na heshima yake.

Zamani tulikuwa tunapotezana. Gari moja likikwama kwenye tope, mengine yanaendelea bila kujua, na mtu anatumwa kukimbia na kurudi mpaka pumzi inamwisha. Ndipo Bwana akaleta redio. Si zile za kusikiliza muziki. Hizi unasema nazo na mwenzako anakujibu. Alileta za aina tatu, akasema tuzijaribu sote, kwa sababu sisi ndio tutakaozishika mikono ikiwa na matope.

Tulizijaribu kwanza kule Kavumu, kwenye tambarare. Moja ilikuwa kubwa, ilitoka kwa askari, nzito kama gunia la mchele wa Luberizi. Ilisikika mbali kuliko zote.

"Hii ndiyo redio," Papa Barnaba akasema. "Zile zingine iko watoto yake."

Asubuhi yake gari lililoibeba likakataa kuwaka. Redio ilikuwa imemaliza batri yote.

"Kumbe inakula kuliko Papa Barnaba," Leoni akasema.

"Wewe mutoto, nilikula ya baba yako?"

Ya pili ilikuwa ya kubeba mgongoni, nyepesi, yenye batri zake. Mgongo wangu uliipenda. Lakini ili usikike vizuri lazima ushuke garini, usimame mahali peupe na kuinua antena yake, na ukikosa kumwona mwenzako kwa macho, sauti inakatika. Wakati wa mvua nani atashuka? Ya tatu ilikuwa ya kadiri. Inafungwa kwa vyuma chini ya kiti, mikro yake ya kusemea inaning'inia kwenye waya karibu na mkono, antena imesimama nyuma ya gari kama ufito. Ina batri yake peke yake ndani ya sanduku la mbao, isigombane na ya gari. Ukibonyeza mikro, kitu ndani kinalia kama nyuki, hata mwenzako anakisikia kwake, ndipo unasema. Ukiachia, unasikia.

Wengi wetu tulikuwa bado tunaitaka ile kubwa. Lakini tulipopanda milima ya Mwenga tukaona. Nyuma ya kilima, ile kubwa nayo ilikuwa bubu kama zingine. Bwana alituambia sauti ya redio hizi inakwenda moja kwa moja, haizunguki kilima kama moshi. Ikawa wazi kwetu kwamba kuwa na moja yenye nguvu isiyo na wa kuijibu hakutusaidii. Tukachagua ya kadiri, ya namna moja kwa kila gari, na gari moja liwe linabaki juu mgongoni mwa kilima. Linasikia wa upande huu na wa upande ule, linapitisha maneno. Mara nyingi gari hilo likawa letu.

Usifikiri matata yaliisha hapo. Papa Barnaba hakuweza kumwambia mtu neno bila kumsalimu. Gari linapanda, udongo unateleza, na yeye amebonyeza mikro: "Jambo Leoni. Umelalaje? Ile homa yako? Na shemeji yako, mugongo yake? Na watu ya Shabunda?" Na akimaliza kuuliza anaendelea kubonyeza, anangoja majibu. Kumbe ukibonyeza wewe, hakuna mwingine anayeweza kuingia. Tunajibu, hasikii. Jioni akashuka amekasirika.

"Minasalimia vijana, wananinyamazia kama mbuzi."

Bwana akatoa amri: katika redio hakuna salamu, ni jina, neno, basi. Siku iliyofuata kamio ikanyamaza kutwa nzima. Hatukujua iko nyuma au imeingia mtoni. Bwana akamfuata, akamuuliza kwa nini.

"Bwana, mutu anaingia kwa nyumba ya mwenzake bila hodi? Kama salamu iko mubaya, basi na mimi ninyamaze."

Tulikaa motoni tukalizungumza jambo hilo kama watu wanaopatanisha ndoa. Mwisho tukakubaliana hivi: asubuhi, kabla injini hazijawaka, kila mmoja anashika mikro kwa zamu na kusalimu watu wote mpaka atosheke. Hakuna anayeondoka kabla salamu hazijaisha. Injini zikishawaka, ni jina na neno tu. Bwana naye alikubali, na sasa anawajua ng'ombe wote wa Papa Barnaba, na yupi ana mimba.

Sasa nisikilize vizuri, mke wangu. Siku ile ukungu ulikuwa umelala juu ya majani. Bwana alikuwa amekwisha kupita upande wa pili wa kilima. Sisi tulibaki juu, kamio nyuma yetu. Leoni akashuka bondeni peke yake kutafuta pa kuvukia mto. Nilimsikia akisema, "Shemeji, udongo inaenda." Halafu kimya.

Papa Barnaba ndiye aliyekuwa wa kwanza kushika mikro. "Leoni. Uko hai?"

Hakusalimu.

Tukangoja. Ikalia ile sauti ya nyuki. "Niko. Gari imelalia miti. Muguu yangu iko chini ya chuma. Minaona majani tu."

Nilichukua panga nishuke. Dereva wangu alikuwa amekwisha kushuka, na nusu ya watu wa kamio walikuwa wanabeba kamba. Papa Barnaba akanishika bega.

"Wewe unabaki."

"Papa, ni ndugu ya muke wangu."

"Ndiyo maana. Bwana hamusikii, kilima iko katikati. Sisi tutakuwa ndani ya majani. Ukishuka na wewe, nani atamusikia?"

Nikabaki. Sijawahi kufanya kazi nzito kama ile ya kukaa. Nilimpasha Bwana habari, akasema anazunguka na waya wa kuvutia gari, lakini njia ni mbovu, atachelewa. Akasema pia: injini ya Leoni imezimika, batri ya redio haipati kitu, na kusema ndiko kunakoila. Kusikiliza hakuili sana. "Mwambie anyamaze. Sema wewe. Asilale."

Nikamwambia Leoni hivyo. Nikamwambia kila nikiuliza abonyeze mara moja tu, nijue yuko.

Maneno ya kazi yaliisha upesi. Nikaanza ya nyumbani. Nilimwambia jinsi mama yenu anavyowagombeza mbuzi kama wakwe wabaya. Nilimwambia kuhusu kisima, na ile njia ya migomba, na siku alipoanguka na kibuyu cha mafuta akasema ni mbwa. Nauliza, "Uko?" Anabonyeza. Mvua ikaanza. Hayo nayo yakaisha, na sauti za watu bado zilikuwa mbali. Ndipo nikaanza kusema habari zako.

Nilimwambia siku nilipokuja kwenu na baba mdogo kukuomba. Ulipita na kikapu cha mihogo, hukunisalimu, na nikajua ni wewe au hakuna. Nilimwambia kwamba tukiwa wawili nakuita Wabi, na kwamba kambini nalala upande mmoja wa kitanda, ule mwingine nauacha. Mambo haya sikuwahi kukuambia wewe mwenyewe. Mwanamume huona ni rahisi kuyasema kwa chuma kuliko kwa uso wa mtu. Nilimwambia pia kwamba kila nikitia sahihi ya kontra nasema ni kwa ajili yenu. Ni kweli, lakini kuna ukweli mwingine chini yake. Naogopa kurudi na mikono mitupu, halafu Sifa aulize huyu mtu ni nani.

"Uko?"

Akabonyeza, lakini kwa kuchelewa. Nikaogopa. Nikasema, "Leoni, ukitoka humo, mimi sitii sahihi tena. Tunarudi wote wawili."

Ikalia nyuki, na safari hii akasema, ingawa alikatazwa. Sauti ilikuwa ndogo. "Shemeji, usinidanganye kwa sababu niko huku chini."

"Sikudanganyi," nikasema.

Nikaendelea kusema, sijui nini tena, mpaka mikro ya Leoni ikaleta sauti ya Papa Barnaba: "Tumemufikia. Anapumua vizuri. Nyamaza sasa, upumzike na wewe." Bwana alifika na waya wake mwanga ukiwa bado upo, wakainua chuma, wakamtoa. Mguu umevunjika chini ya goti. Kichwa chake ni kizima, na ulimi wake kama unavyoujua.

Yuko hospitalini hapa Bukavu, amefungwa plasta. Daktari anasema atatembea, labda kwa kuchechemea kidogo. Hiyo ndiyo habari ya ndugu yako, sikuficha kitu.

Lakini kuna jambo moja. Baada ya siku hizo Bwana aliniita. Alisema ananipa kontra mpya. Nisishike tena sururu wala mbao. Nikae mbele, karibu na dereva, niwe mtu wa redio zote. Mama Sifa, mgongo wangu uliitika kabla ya mdomo. Ndicho kiti nilichokuwa nakitamani tangu nilipofika hapa. Bwana akasema nifikiri, nimjibu.

Nilikwenda kumwona Leoni. Nilimweleza. Sikutaka ajue kutoka kwa wengine.

Akaniangalia. "Kazi iko muzuri."

"Ni nzuri."

"Yale ulisema kwa redio, watu wote walisikia. Bwana alisikia. Kamio yote ilisikia. Sasa wananiuliza, Wabi iko muzuri kweli?" Akacheka, halafu akaacha. "Shemeji, mimi sikukamati na neno ile. Ulisema ili nisilale. Nakuachia. Ukitaka kuisema tena, sema sasa, niko kwa kitanda, sina kitu."

Alikuwa na haki. Neno linalosemwa mtu akiwa chini ya chuma halihesabiwi sawa. Nilikaa pale ukingoni mwa kitanda chake. Nilifikiria kile kiti, na mvua, na mtu mwingine atakayepewa mbao zangu. Nilifikiria wewe unavyoipeleka kila barua kwa mwalimu ili ujue mumeo anasema nini.

Nikasema tena.

Basi, jibu lako ni hilo. Bwana nimemwambia. Alinipa mkono, akaniomba nimfundishe mwingine kabla sijaondoka, nami ninamfundisha. Plasta ya Leoni ikitolewa tutapanda kamio ya mfanyabiashara anayepita Mwenga. Sitakuja na mengi, na kulima shamba jipya mgongo huu hauwezi, tutalima lile la zamani. Mimi nakuambia mapema ili usije ukaona mtu mwingine kuliko uliyemngojea.

Nisalimie mama mkwe, mwambie mwanawe, chuma kilipoinuliwa, alimwita yeye kabla ya Mungu. Nisalimie baba mdogo aliyeniongoza kwenu, na dada yako mkubwa na watoto wake. Wewe mwalimu unayesoma, asante kwa macho yako. Usione haya kwa niliyoyaandika hapo juu, kamio nzima imekwisha kuyasikia. Papa Barnaba anakusalimu, Wabi, salamu ndefu ambazo karatasi haitoshi.

Mwambie Sifa kuna mtu atakuja na mjomba wake. Akimkimbia, msimlazimishe. Mtu huyo atakaa mlangoni mpaka mtoto amzoee.

Ni mimi mumeo, ninayefunga mizigo,
Yosefu