Mupira Iliisha Katikati

Yaya Mujinga,

Moyo, Yaya, salamu ya mudogo yako. Nakuandikia niko muzima, mugongo tu njo inauma sawa kila siku. Weye uko namna gani? Ile goti yako, wakati ya mvula inavimba, inakuachaka ulale? Na Numbi, mutoto wangu, anasoma? Anakula? Usimuache aende peke yake ku mayi, Lualaba saa hii iko inapanda.

Wakati tulisikilizana mu simu sikusema kitu. Ile simu iko ya jirani, na nyumba yao yote inasikilizaka. Hii mambo haiko ya jirani kusikia mbele yako. Kuko bantu ya huku Kamina bataingia mu treni mpaka Bukama, batafika kwetu Katoto, batakuambia: Ilunga alifunga mama mukwe yake ku mugongo sawa mutoto, akapita naye ku soko, bantu bote banaona. Iko kweli. Nilifanya. Lakini usikie kwangu mbele, ya bao nyuma.

Unayua natumika mu depot ya mahindi. Mbele nilikuwa nabeba magunia. Vile mugongo iliharibika, patron, mwenye depot, alinipatia kazi ya moto yake, ile pikipiki. Haiko hii bimoto bidogo ya kubeba bantu. Iko moto mukubwa, ya kusafiri mbali ku goudron, barabara ya lami, na mupira munene karibu sawa ya gari. Minyi naiosha, naiwasha, natumwa nayo. Na kuangalia mupira, kumuambia patron kama iko muzuri ao mubaya.

Mupira ya nyuma iko na miaka tatu. Twite, ule fundi ya moto ya pembeni ya gare ya treni, njo tuliiweka naye, marehemu Ngoie bibi yangu, mama ya Numbi, alikuwa bado muzima. Mwaka ya kwanza ilishika chini sawa mutoto mudogo anashika kidole yako. Patron alienda nayo Lubumbashi, akarudia, mvula, jua, haikuteleza hata siku moya. Mwaka ya pili ikaanza kuisha, lakini katikati tu. Juu ya nini? Barabara ya huku iko murefu, haipindikepindike. Moto inatembea wima, haianguke kando. Ile katikati njo inakula udongo na mawe kila siku. Mwaka ya tatu katikati ikakuwa plat sawa meza. Kando, meno iko yote, sawa siku ile tuliitosha mu karatasi. Na mupira yenyewe ilikauka. Zamani ukiiminya na kidole, inaingia kidogo. Sasa ukiigonga na ufunguo inalia sawa mbao.

Twite aliniambia. Mara mbili aliniambia. Minyi nilikuwa napima meno na kijiti ya kibiriti, kijiti inaingia mpaka nusu, nasema iko muzuri. Siku moya akaniona, akacheka mbele ya bamotard bote, benye kuendesha moto. Akasema, "Ilunga, unapima kando, mahali haigusake chini. Uko sawa munganga anapima homa ya muntu ku kiatu." Bote bakacheka. Nikakasirika, nikaenda.

Patron naye akaniuliza, "Mupira?" Nikasema, "Muzuri, patron." Nilidanganya, Yaya. Kama nasema mubaya, moto inafungwa mu depot mpaka mupira ingine itoke Lubumbashi, na minyi narudia ku magunia. Niliogopa magunia. Yote ile nakuandikia hapa inatoka pale.

Siku ya ine ya juma, asubuyi, Kalenga akapiga simu. Ni ule ndugu ya Ngoie, anatumikaka ku njia ya reli Luena. Akasema mama yao eko mubaya kule kijiji yao. Ile hernie yake ya zamani, ngiri, ilitoka, ikafunga, hairudie tena ndani, anatapika. Infirmier, muuguzi ya mugini, alisema bamupasue Kamina siku ile ile, kama hapana hatafika magaribi. Bamotard ya mugini bote balikwenda na magunia Kaniama. Yeye Kalenga hawezi kufika, treni hakuna. Akasema, "Shemeki, moto iko kwako. Nenda." Patron alikuwa Lubumbashi, simu yake haipite. Ufunguo iko mu mufuko yangu. Nikaenda.

Kwenda, barabara ilikuwa mukavu. Nilitumia saa mbili na nusu ku njia, nikafika. Nikasimama mbali, nikapiga magoti, uso ku upande, sawa inafaa. Unayua namna mama mukwe anashikaka bukwe. Tangu nilioa binti yake hatukugusana hata kidole. Kama ananipatia chakula, anaweka chini, anaenda, njo minyi nakamata. Kama iko na neno kwangu, anamuambia muntu ingine, na minyi nasikia. Hata ku kilio ya Ngoie alilia upande yake, minyi upande yangu. Sasa bamama banamubeba, banamuleta ku moto. Ataikala namna gani ku mugongo yangu?

Bamama bakashauriana. Bakataka kuweka muntu katikati, infirmier akakatala, akasema bantu batatu bataminya tumbo yake. Mama moya akaenda, akarudia na gunia ya unga. Akasema ile unga atakula ku lopitali, na mu njia itakuwa ukuta. Basi tukafanya vile. Minyi mbele, gunia katikati, mama mukwe nyuma kabisa, anakumbatia gunia. Bote bakafurahi. Hata minyi nilifurahi, haya ilinitoka. Sikufikiria mupira. Uzito yote ilikwenda nyuma, juu ya ile mahali iliisha.

Mvula ikatukamata nusu ya njia. Unayua ule udongo mwekundu, ukilowa unakuwa sawa sabuni. Ku kona ya kwanza nikapinda kidogo, mupira ikatoka ku plat ikaanguka ku kando, mara moya, sawa muntu anakanyaga hewa ku mwisho ya ngazi. Nyuma ikakimbia. Nikairudisha na mugulu. Nikauliza, "Mama, uko?" Hakujibu, juu mama mukwe hamujibuke mukwe. Akakohoa tu. Njo jibu.

Vile tukaenda. Nateleza, nauliza, anakohoa. Mara ingine anakohoa na kutapika. Nilikuwa nasikiliza ile kikohozi kuliko injini.

Tukafika ku muteremko ya kilalo, ile daraja ya miti. Nikagusa frein, breki ya nyuma, kidogo tu. Mupira ikaacha chini kabisa. Nyuma ya moto ikataka kupita mbele. Tukaanguka.

Minyi nilienda kushoto. Yeye alianguka juu ya gunia, ile njo ilimuokoa. Gunia ikapasuka, unga ikaingia mu matope, nyeupe mu nyekundu. Eko analala kando, anashika tumbo, kikwembe imefunguka. Nikageuza uso. Nikaita bantu. Hakuna. Mvula tu.

Yaya, nilisimama pale sawa muti. Kama simuguse, anakufwa. Kama namugusa, namutukana mama ya bibi yangu. Sijui nilisimama wakati murefu namna gani. Nikasikia sauti.

"Ilunga."

Hakuitake jina yangu hata siku moya.

"Ilunga. Ngoie alikufwa mu mikono ya nani?"

Nikasema, "Mu mikono yangu, mama."

"Basi njo mikono ile. Nikamate."

Nikamukamata. Yaya, eko mwepesi. Sikufikiria eko mwepesi vile.

Gunia nikaiacha pale. Nikatosha hewa mu mupira ya nyuma mpaka ikaikala chini, ikapanuka, hata kando ikagusa udongo kidogo. Twite anafanyaka vile. Nikamupandisha, akaniegemea. Akatosha kikwembe yake ya juu, akanipatia. Nikapitisha chini ya makwapa yake, nikaleta mbele, nikafunga ku kifua yangu. Hapana ku tumbo. Sawa mama anafunga mutoto, lakini mutoto njo anafunga mama.

Tukaenda na vitesse ya kwanza, polepole, migulu yangu yote mbili chini, sikugusa frein. Kidevu yake iko ku bega yangu. Anatapika, inateremuka mu shingo. Sikumuuliza tena kama eko. Nilikuwa nasikia anapumua. Pumzi ikikawia, nangoja, mpaka inarudia.

Tukaingia Kamina jua iko karibu kushuka. Njia ya lopitali inapita ku soko. Bantu bakasimama. Mama moya akashika kichwa. Mwanaume moya akasema kwa nguvu, "Angalieni, bibi alimushinda, sasa anabeba mama." Bakacheka. Sikusimama. Kama sikuwa naye ku mugongo, ningesimama.

Bakamupasua. Munganga akasema tungechelewa kidogo tena, angekufwa. Sasa eko muzima, anakunywa uji.

Siku ya posho, jumamosi, Kalenga akafika na treni. Nikafikiria atanishukuru. Alipita ku soko mbele ya kupita ku lopitali, basi mambo alisikia kwao. Akaniambia, "Shemeki, ulimutosha mama yangu haya mbele ya bantu." Nikamuambia juu ya mvula na kilalo. Akauliza juu ya nini tulianguka, minyi nayuaka kutembeza moto. Ningesema mvula tena, ingeisha. Nikamuambia yote. Mupira, kijiti, patron, magunia.  Akasema, "Basi haikuwa mvula. Ilikuwa weye." Akasema famille itaikala kukata hii mambo siku ya mungu, jumapili, ya kisha hii inakuya.

Patron naye alirudia, nikamuambia. Hakupiga kelele. Akanyoosha mukono, nikaweka ufunguo. Kesho yake nikarudia ku magunia. 

Mama mukwe alirudia mu bukwe yake. Nikisimama ku mulango ya chumba, anafunika uso na kitambaa. Hasemi. Hata kukohoa hakuna. Yaya, ile kimya iliniuma kuliko maneno ya soko. Nikasema mu roho: alinipatia mikono juu ya njia tu, sasa aliitosha.

Siku ya pili ya juma Kalenga akanikuta ku depot. Akasema mama anataka ile mupira. Nikaogopa. Nikafikiria anataka kuionyesha famille, njo shahidi. Twite alikuwa ameitosha ku moto, nikaikamata kwake, nikaibeba mpaka lopitali. Nikaiweka ku mulango, nikapiga magoti, uso ku upande. Kalenga akaivuta mpaka ku kitanda.

Nilisikia mukono yake inapita juu ya mupira. Polepole. Akapita katikati, akapita kando, akarudia katikati. Nikangoja. Jasho iliniteremuka sawa nabeba.

Akamuambia Kalenga, "Muambie mukwe, huku kando haikutembea bado. Banikatie biatu."

Kalenga akageuza mupira, akaangalia kando. 

Mama mukwe akasema tena, "Na yaya yake akuye na kuku ya kuosha bukwe, mbele famille haiyaikala. Mwanamuke ya kwao anishike mukono, muntu asiseme tena ya soko."

Njo hii nakuandikia, Yaya. Baba na mama hawako, weye njo mukubwa ya kwetu. Minyi siwezi kuleta ile kuku, haikubali mwanaume. Kama haukuye, Kalenga atasema tunamudharau mama yake, na sitaingia tena mu ile nyumba. Numbi naye atakomaa bila nyumba ya mama yake. Nilidanganya kitu kidogo, angalia inafika wapi.

Ukuye na kuku nyeupe. Numbi umuache kwa bibi ya baba mudogo.

Twite alikata kando ya mupira, ikatosha jozi mbili. Moya mama mukwe iko nayo chini ya kitanda, infirmière alisema ataivaa siku ataanza kutembea. Ingine njo hii mu mufuko, muntu ya reli anayekupatia barua njo anaibeba. Nilipima na kumbukumbu ya mugulu yako, kama inakubana, uilowekee mayi. Uivae siku utashuka ku gare ya hapa, mbele ya gare iko udongo mubaya. Meno yake iko yote. Miaka tatu ilizunguka bila kugusa chini.

Unisalimie baba mudogo, umuambie nyavu nitamutafutia. Unisalimie mwalimu ya Numbi, na katekista yetu, asali juu ya mama mukwe kwa jina. Numbi umuambie baba yake anamuwaza, lakini usimusomee ya soko.

Kama haukuye, urudishe biatu na muntu ule ule. Nitayua njo jibu yako.

Minyi mudogo yako,
Ilunga, ya magunia