Paka Wako Amefika Ngazija

Rukia, shoga yangu,

Kuna neno sijamwambia mtu yeyote, hata mama yangu. Siku meli ilipomchukua mama yako kwenda Ngazija, mimi nilifurahi. Watu waliokuwa bandarini Malindi waliniona nafuta macho kwa ncha ya buibui, wakasema maskini mtoto huyu, kwanza kaondokewa na shoga yake, sasa na mama wa shoga yake. Mama akanishika bega. Hawakujua. Yale yalikuwa machozi ya mtu aliyetua mzigo.

Usinikasirikie kabla hujanisikiliza mpaka mwisho. Mama yako hajambo, na paka wako hajambo. Jana zimekuja salamu kwa mtu aliyetoka huko. Mama yako sasa anakula vizuri, anakwenda kwenye arusi na dada zake, na Mudiri anakaa barazani anawatazama wapita njia kama kwamba wote wamekuja kumshitakia ng'ombe waliokula mihogo. Jina ulilompa bado linamfaa. Hata siku ile tulipomkuta nyuma ya soko la samaki, kichwa kimetoka kwenye mdomo wa gunia, alitutazama hivyo hivyo, wewe ukasema, "Huyu si paka, huyu mudiri wa serikali kaja kukagua," ukamficha ndani ya buibui ukaenda naye nyumbani.

Sasa nikueleze yaliyotokea baada yako.

Tulipomaliza arubaini yako, mama yako aliniita nikamsomee magazeti jioni. Nikaenda. Nani angekataa? Alikuwa peke yake ndani ya nyumba ile yote, na sahani yake ilikuwa inarudi jikoni kama ilivyotoka. Nilipokuwapo alikula kidogo, kwa hiyo mama akawa ananihimiza niende kila siku. Mama yako akaanza kunisuka nywele kama alivyokuwa akikusuka wewe. Akanipa gauni lako la kijani la Idi, akasema litaliwa na nondo bure. Nikalivaa. Lilinibana mabegani lakini sikusema.

Kisha siku moja akasema, "Rukia, nipe maji." Tukatazamana. Aliziba mdomo kwa mkono. Mimi nikasema, "Naam," nikampa maji. Siku ile alikosea. Siku ya pili yake hakukosea, alikusudia. Na mimi nikaitikia tena, na siku zote zilizofuata. Wewe unanijua. Kama kuna njia ya kunyamaza, mimi ndiyo ninayoishika.

Jina ningelivumilia, Rukia, lakini si macho yake. Alikuwa akinitazama ninapokula, ninaposoma, ninapotunga uzi kwenye sindano. Alinitazama kama mtu anayechungulia nyumba dirishani kuona kama mwenyewe yumo. Nami nilikuwa najikaza nisitikisike, ili aone anachokitafuta. Nikirudi kwetu nilikuwa nimechoka kama niliyefua nguo za mtaa mzima.

Mudiri naye alikuwa na shida yake. Unakumbuka mama yako alivyokuwa akimfukuza kwa makubadhi. Sasa akawa anamtaka mapajani, kwa sababu ni wako. Akichutama tu na kumwita, "Mudiri, baba, njoo," paka keshapanda juu ya paa. Alikula kwangu mimi peke yangu, uani, nikimwekea vichwa vya dagaa.

Ndipo alipokuja mjomba wako kutoka Ngazija kumchukua dada yake arudi walikozaliwa. Mama yako alikubali, lakini alitoa sharti: haondoki bila paka. Mjomba akacheka mpaka kofia ikamwanguka. Akasema, "Mimi nilijua nina mpwa mmoja, Mungu amrehemu. Sikuambiwa kuna wa pili mwenye mkia." Alipoona dada yake hacheki, akaacha. Akaenda kuuliza kwa wakala wa meli, akaambiwa mnyama hapandi ila awe ndani ya sanduku lake mwenyewe, na awe na cheti cha daktari wa wanyama, la sivyo Wafaransa hawatamruhusu kushuka kule.

Mjomba akaona jambo jepesi. Akatafuta gunia.

Mimi nilikuwa jikoni, sikuwahi kumzuia. Yeye ni mtu wa Ngazija, labda hajui kuwa hapa mjini paka haingizwi kwenye gunia ila anapokwenda kutupwa. Watu humzungusha vichochoro mpaka apotee, kisha humwachia sokoni ili asijue njia ya kurudi. Mudiri alishatupwa mara moja. Alipoliona lile gunia alimkwaruza mjomba kuanzia kiwiko mpaka kidoleni, akapita dirishani, na hatukumwona tena mpaka tulipoanza kukata tamaa. Mama yako alikaa chini sakafuni akamwambia kaka yake, "Umemtupa. Umenitupia mwanangu." Mjomba akakaa pembeni ananyonya damu mkononi kama mtoto mdogo.

Mudiri aliporudi, amekonda, alikuja kwangu uani. Na hapo ndipo mama yako alipopata wazo lake. Alivaa buibui akaja kwetu, akamwambia mama, "Nipeni Zuwena twende naye. Paka anamsikia yeye tu. Akae nasi mpaka Mudiri azoee, kisha nitamrudisha."

Mama alitazama mkeka. Utamwambiaje hapana mtu aliyemzika mtoto wake wa pekee? Akasema atazungumza na baba. Baba akasema, "Skuli amemaliza, kazi hana. Miezi michache itamdhuru nini?" Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na nilisikia yote. Baba hakujua kuwa mwalimu wetu mkuu ameshaniambia nimepata nafasi ya kusomea ualimu, inaanza baada ya Idi. Sikuwa nimemwambia bado, nilikuwa natafuta siku nzuri. Ile ndiyo nafasi tuliyoiomba pamoja, Rukia. Wewe ulisema utafundisha jiografia, na mimi ukanipangia ushoni, kwa sababu mwalimu wa ushoni hapigi kelele.

Na nilijua kitu kimoja ambacho sikuweza kumwambia mtu. Paka asingezoea, kwa sababu mama yako asingetaka azoee. Miezi ingekuwa miaka. Ningekaa Ngazija naitwa Rukia mpaka nisahau jina langu. Kwa hiyo ilikuwa lazima Mudiri alipende sanduku, na ampende mama yako, kabla meli haijafika.

Nilikwenda na mjomba kwa daktari wa wanyama. Ni Mzungu mrefu, na mjomba anajua Kifaransa lakini Kiingereza hajui, basi ikabidi niseme mimi. Nilisema polepole mpaka daktari akaweka mkono sikioni. Aliuliza paka anaumwa nini. Nikasema haumwi, anasafiri. Akacheka, lakini si kwa ubaya. Alinieleza kuwa sanduku liwekwe wazi chumbani, paka ale chakula chake humo mpaka aone ni chumba chake, na afikie kulala humo kwa hiari yake. Ndipo tumlete achomwe sindano na kupewa cheti. Akasema pia kwamba siku ya safari asishibishwe, na awekewe bati la mchanga pembeni.

Seremala wa kichochoroni kwenu alilitengeneza kutokana na sanduku la chai, akatoboa matundu ubavuni na mbele akaweka mlango wa waya wa kuku. Mjomba alilizunguka akasema, "Hili zuri kuliko kitanda nitakacholalia mimi melini." Nilitandika ndani kile kipande cha kikoi alichokuwa akilalia miguuni pako. Nikaweka dagaa mlangoni, kesho yake ndani kidogo, kesho yake mwisho kabisa. Mudiri aliingia. Alitoka kinyumenyume kwanza, lakini aliingia, na baadaye akawa analala humo mchana.

Basi sanduku likawa si tatizo tena. Tatizo likabaki mama yako. Kila alipomwekea chakula yeye, paka hakisogelei. Mama yako alipiga magoti mbele ya sanduku, uso karibu na waya, anamkodolea. "Nshamwita kwa kila jina zuri," aliniambia. "Hanitaki. Unaona, Rukia? Lazima uje nasi."

Nilipomwangalia pale alipopiga magoti nikakumbuka sauti yako. Ulikuwa ukikaa umempa mgongo Mudiri, unasoma, na ukiniona namwita unasema, "Usimtazame. Paka ukimtazama anajua una haja naye." Kisha unanichokoza: "Wewe ndiyo maana paka wote wa mji huu wanakufuata, humtazami mtu usoni."

Nikasema, "Mama, usimtazame."

Akageuka. "Unasemaje?"

Nikasema tena, "Usimtazame. Rukia alikuwa hamtazami. Alikuwa akimpa mgongo, na paka anakuja mwenyewe."

Ilikuwa mara ya kwanza kulitaja jina lako ndani ya chumba kile kama jina la mtu mwingine. Yeye alilisikia hivyo, na mimi niliona kuwa amelisikia. Nilidhani atanifukuza. Aliinuka akishika kiuno, akaenda jikoni. Akarudi na mbuzi na nusu ya nazi, akakaa ameelekea ukutani, akaanza kukuna.

Wewe unajua paka wa kwetu akisikia nazi inakunwa anavyofanya. Mudiri alitoka ndani ya sanduku. Alikaa katikati ya chumba akalamba mguu, kama mtu aliyekuja kwa shughuli nyingine kabisa. Mama yako alichota machicha kiganjani akaupeleka mkono nyuma ya mgongo, akaendelea kukuna kwa mkono mmoja, vibaya, nazi inamwagika. Hakugeuka. Mudiri akasogea, akanusa, akala.

Nikaona mabega ya mama yako yanatikisika, lakini uso wake ulibaki ukutani. Akaninong'oneza, "Ulimi wake kama msasa."

"Ndiyo, mama."

"Mwanangu alikuwa akiniambia, nami namwambia mchafu huyo, mtoe."

Tangu siku hiyo alikuwa akimlisha kwa kumpa mgongo, na baadaye kwa ubavu, mpaka Mudiri akaja kujilaza juu ya upindo wa kanga yake bila kuitwa. Kukawa na jingine ambalo sikulitarajia. Aliacha kunitazama na mimi pia. Nilipomsomea alikuwa anaangalia nje dirishani, nami nikasoma kwa sauti ya kusikika. Jioni moja, huku bado anaangalia nje, akauliza, "Mama yako kaniambia una nafasi ya ualimu. Inaanza lini?" Nilikuwa nimeshamwambia mama, kwa kunong'ona, tukiwa tunachagua mchele.

"Baada ya Idi," nikasema.

"Basi hatuwezi kukuchukua," akasema, akaniambia niendelee kusoma.

Siku ya sindano tulikwenda kwa miguu, hamali amebeba sanduku kichwani na Mudiri analia njia nzima. Hamali akauliza jina la paka, mjomba akamwambia. "Mudiri?" akasema. "Ndiyo maana analia. Kahamishwa." Mama yako alicheka, Rukia. Nimekaa naye mwaka mzima na sikuwa nimesikia kicheko chake, nilikuwa nimesahau kuwa ni chako hicho hicho. Daktari alimchoma sindano, akaandika cheti, mjomba akakitia ndani ya kofia yake ili asikipoteze.

Asubuhi ya safari Mudiri aliingia ndani ya sanduku peke yake. Bandarini mama yako alikaa nalo kwenye mashua ya kuwapeleka melini, mkono mmoja umeingia kwenye tundu la ubavuni, haangalii ndani. Mashua ikaanza kuondoka. Ndipo alipogeuka akaita, "Zuwena!"

Sikuitika. Wallahi sikujua kuwa ni mimi, masikio yangu yalikuwa yamezoea jina lako. Mama akanisukuma ubavuni, "Unaitwa wewe." Nikasema, "Naam!" kwa sauti ambayo sijapata kuitoa maishani, makuli wakageuka kutazama. Na mama yako alinisikia, kwa sababu aliinua mkono.

Ndipo nilipolia, na sasa unajua kwa nini.

Idi imepita, wiki ijayo naanza. Sitafundisha ushoni. Nimeomba jiografia, na mwalimu mkuu alinitazama sana kabla ya kukubali. Nakuahidi nitasema kwa sauti ya siku ile ya bandarini, ili hata msichana aliyejificha nyuma kabisa asikie. Gauni lako la kijani nimelifumua mabegani nikalipanua, sasa ni langu.

Lala salama, shoga yangu, Mungu akupe nafasi pana. Mama yako anasema bado anakuota. Akija tena ndotoni, mwambie yote unayotaka, mwambie Mudiri anapenda vichwa vya dagaa kuliko miili. Lakini usimwambie kuwa meli ilipoondoka nilifurahi. Libaki kwetu sisi wawili.

Zuwena wako