Gazeti la Pili kutoka London

Jumatatu, 4 Shaabani 1313 (kwa Wazungu, 20 Januari 1896)

Barua tatu kabla ya adhuhuri. Zote za mizigo, zote za kuchosha. Chini ya kila moja nimeandika kama kawaida yangu: nimefasiri yote, sikuongeza wala sikupunguza. Kisha jina langu. Bwana mkubwa wa ofisi, Mwingereza, huona hayo madoido tu. Hajui kwamba karatasi ikitoka bila maneno hayo, watu wa Mji wa Kale hawaiamini, huirudisha. Meli imeleta magazeti.

Jumanne, 5

Bwana amenipa gazeti la London. Linasema walioingia mwituni kupigana na serikali ni majambazi, na Uingereza nzima inataka wapigwe. Ameniamuru nilifasiri, kisha Ijumaa baada ya sala nilisome barazani kwetu, ili jamaa wawaite vijana wao warudi. Ndugu yangu Salimu yuko huko mwituni. Bwana anajua. Ndiyo sababu amenichagua. Nina hasira.

Alhamisi, 7

Katika bunda hilo hilo la magazeti limo gazeti la pili. Mbunge wao mmoja amesimama mbele ya wenzake akauliza: ni nani aliyewapa Waingereza haki ya kuwachagulia watu wa pwani mtawala? Wengine wakamzomea, wengine wakampigia makofi. Nimelisoma mara tatu. Basi si Uingereza nzima.

Nikampelekea Bwana. Kasema hilo niliache, nisome lile moja, na maneno yangu ya chini niyaandike vile vile. Nikikataa, sina kazi. Najua yote, nisome nusu, kisha niape kuwa sikupunguza? Ananionaje mtu huyu?

Ijumaa, 8

Nimeyasoma yote mawili.

Nilianza na la matusi, sikuruka hata neno. Watu wakainamisha vichwa. Nikasoma la pili. Mzee Athmani, mshona kofia, ndiye aliyeuliza: "Kwani wao kwa wao hawasikizani?" Nikamwambia hawasikizani, na ugomvi wao huuchapa gazetini kila mtu ausome. Akacheka mpaka kahawa ikammwagikia kanzu. Nikatia jina langu mbele ya macho yao.

Tarishi wa ofisi alikuwa amesimama pembeni, anasikiliza. Atamwambia Bwana, na kazi yangu imekwisha. Nimerudi nyumbani kifua mbele. Sauti haikunitetemeka, na hilo nalo najivunia.

Jumapili, 10

Jana nimefukuzwa. Maneno machache, mlango ukafungwa. Miaka tisa.

Leo nimeshinda nyumbani. Habari za Salimu hakuna. Baada ya alasiri Mama ameniita ukumbini. "Ndoo hapa mwanangu, unisomee yale magazeti." Nikaanza na la pili, nimpoze moyo. Akanizuia. "Anza na la matusi. Mimi ndimi mamake Salimu, nisifichwe kitu."

Nikasoma yote. Hakulia. Tasbihi ilikuwa mkononi, haikusogea. Nilipomaliza akaniuliza kama yule mbunge ana mama. Nikamwambia sijui, huenda anaye.

Akainua mikono akamuombea Salimu. Kisha akamuombea na yule Mzungu, akaniuliza jina lake ili dua isipotee njia.