Ganda la Nne

Baba, shikamoo.

Ukishaitikia, keti kwanza. Nililolifanya hutalipenda, na sikuandikii ili unisamehe.

Neno lako la mwisho kwangu halikuwa la kuaga. Ulinishika mkono pale kitandani, ukasema, "Mwanangu, lile la nne ulimalizie. Lirudi lilivyotoka kiwandani." Mama alikuwa mlangoni na bakuli la uji. Alisikia kila neno. Nami niliitika "Naam, Baba," kama nilivyoitika maisha yangu yote.

Maganda manne ya risasi za mzinga, shaba tupu, masalia ya vita vya Mjerumani na Mwingereza. Matatu uliyaokota mwenyewe, ukayatengeneza uani kwetu Ngamiani, kwenye jiliwa la kubania vyuma ulilokuja nalo ulipostaafu karakana ya mkonge. Bado nanusa zile ndimu na majivu uliyosugulia. Ulinifundisha kushika tupa kabla sijaanza shule, ukanifundisha na kipimo chako: kiraka kikishapoa, unafumba macho, unapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya mshono. Ukucha ukikwama, kazi inarudiwa. Nimesomea uhandisi miaka minne, sijakutana na mtahini mkali kuliko ukucha ule.

Ganda la nne hukuliokota. Lilikuja na Mama kutoka Mwera, ndani ya sanduku la nguo, kwa sababu bibi yake alikwishalifanya kinu. Humo zilipondwa iliki, thomu na tangawizi kabla Mama hajazaliwa. Ulipoliona ulipagawa. "Wallahi nilikwenda kuposa kinu," ukiwaambia wageni, "wakanipa na binti juu yake." Mama hakukosa jibu: "Basi leo kalale nacho."

Mlicheka, lakini ugomvi ulikuwapo. Mchi ulikuwa umebonyeza shaba kila upande, nawe uliyachukia yale mabonde kama madoa kwenye kanzu.

"Mama Rukia, hicho chuma cha vita! Kina namba yake kitakoni, wewe unapondea thomu!"

"Cha vita kwako. Kwangu ni kinu cha bibi."

"Bibi yako alikiokota tu."

"Na vyako je, ulivizaa?"

Hapo ulishindwa. Ukasubiri. Mwisho ukanirithisha mimi ugomvi wako, ukauita wasia, ukijua siwezi kukujibu.

Sasa nakujibu.

Miezi mitatu baada ya kukuzika, kinu kilipasuka kitakoni, Mama akiwa anaponda. Nilikibana kwenye jiliwa. Ami Sefu, mdogo wako, alikuja kutujulia hali, akakiona, akafurahi. "Ehe, ndiyo sasa! Ukiwa unaziba ufa, nyoosha na hayo mabonde. Timiza neno la baba yako." Mama aliendelea kuchambua mchele bila kuinua uso. Nikachukua nyundo ya mbao. Niliinyanyua, Baba, sikufichi. Kisha macho yakaangukia lile ganda la pili, pale rafuni ulipoyapanga matatu yako.

Unalikumbuka? Kabla hujaliokota lilikuwa kengele ya chuo cha Kurani kule Kigombe, lenye matundu mawili ya kamba. Uliyaziba. Nilikushikia tochi ya gesi, nikajiona fundi. Siku moja akaja mzee aliyesoma chuo kile utotoni, akaligonga kwa pete likiwa limekaa rafuni. Likatoa mlio mfupi, kama sufuria.

"Sasa mtalining'iniza kwa wapi?" akauliza.

"Halining'inizwi tena, mzee wangu. Limepona."

"Limepona," akasema, "ila limekuwa bubu."

Alipoondoka ulicheka, nami nikacheka nawe. Nilikuwa na miaka tisa. Siku ile nyundo ikiwa mkononi niliona haya, nikaiweka chini.

Hebu niambie, Baba: kiwandani lile ganda lilikaa siku ngapi? Vitani lilifyatuliwa mara moja, basi. Kazi yake nyingine yote, miaka na miaka, waliifanya wanawake wa Mwera, wameketi juu ya vigoda, na hakuna aliyewapigia namba yao kitakoni mwa kinu. Alama yao ni yale mabonde. Wewe ulitaka niyafute, ukaita matengenezo.

Nilimwambia Ami kwamba sinyooshi kitu. Akasimama. "Umesoma mpaka adabu imekutoka. Utakosa radhi za baba yako." Neno hilo lilinichoma, kwa kuwa radhi zako nimezitafuta tangu sijui kusoma. Lakini nikamjibu, "Huenda, Ami. Kinu hakinyooshwi."

Ufa nimeuziba kwa lehemu ya fedha, niliyoipata kwa sonara. Ile yako ya madini ya risasi sikuigusa, maana ina sumu na humu kinapondwa chakula, na hilo ulilijua. Mabonde yote yapo. Na mshono sikuuficha: ni mstari mweupe juu ya shaba, kila mwenye macho auone. Ulinifundisha kwamba kiraka kizuri hakionekani. Hapo pia nimekukaidi.

Mama alikipokea kwa mikono miwili. Akatia iliki, akaponda mara tatu, akatega sikio.

"Kimerudi," akasema. Neno lako hilohilo la pale kitandani.

Rafuni nafasi ya nne iko wazi, na itabaki wazi. Wiki ijayo nayatoboa upya matundu ya ganda la pili, nilipeleke Kigombe likalie tena. Dua sikunyimi, Baba. Kila baada ya sala nakuombea. Nilichokunyima ni kinu tu.

Ami anasema utanijia ndotoni kunikemea. Njoo. Ila usije na maneno matupu, njoo na kidole gumba chako. Fumba macho, pitisha ukucha juu ya mshono wangu, polepole, kama ulivyozoea.

Hautakwama.

Ni mimi, binti yako, fundi wa mkono wako,
Rukia